Mpaka Watimie

Kwenye kisahani cha maabara, bakteria wa mguu wa mama walikuwa wamekufa wote. Kwenye mguu wenyewe walikuwa wanastawi.

Hadubini, kama nduguze walivyomwita tangu alipoajiriwa maabara ya hospitali, alikuwa amerudia kipimo mara tatu. Dawa ni ileile, bakteria ni walewale. Akavua glavu, akanawa, akaenda wodi ya wanawake. Koridoni alimkuta dada yake, fundi cherehani, na mdogo wao wa kiume, fundi majokofu, wamenuniana.

"Sasa dawa inawaua au haiwaui?" dada akauliza. "Maana wewe kila siku una jibu jipya."

"Mmoja mmoja inawaua. Kwenye kisahani wametawanyika, hawana pa kujificha. Kwenye kidonda wanaishi kijiji kizima, wamejifunika ute. Wa juu wanakufa, wa chini wanasalimika. Tena wana subira. Wanakaa kimya wakipeana ishara mpaka wajue wametimia, ndipo wanashambulia kwa pamoja."

"Umoja ni nguvu, hata kwa wadudu," fundi majokofu akasema. "Sisi watu wanne hatujawahi kukubaliana hata rangi ya mlango."

Wakacheka kicheko cha watu waliochoka. Kisha dada akakumbuka kilichowakutanisha pale, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Daktari alitaka mguu ukatwe chini ya goti, kabla bakteria hawajaingia kwenye damu. Alisema hivyo Jumatatu, na fomu ya ridhaa akamkabidhi Hadubini mkononi, kwa kuwa ni mwenzake wa kazi na ndiye kifungua mimba. Leo ilikuwa Jumatano.

"Mimi nasema ukatwe," Hadubini akasema. "Kila saa tunayopoteza ni yao."

"Ukate basi!" dada akamjia juu. "Lakini mama akifia kule ndani, utatueleza wewe. Mpaka unazikwa tutakuita mkata mguu wa mama."

Hadubini alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini maneno ya dada yake yalimwingia kama sindano.

"Basi tumngoje kitinda mimba," akasema. "Tukitimia wote wanne, tutasema kwa kinywa kimoja."

Hilo likawaridhisha. Mdogo wao huyo wa mwisho alikuwa njiani, safari ya siku mbili. Wahenga wana neno lao kuhusu ngoja ngoja, ila siku hiyo hakuna aliyelitaja.

Daktari akapita na mafaili kwapani. "Vipi, mama ameamuaje?"

"Bado, daktari. Familia haijatimia."

Daktari akatikisa kichwa, akaendelea na wagonjwa wengine. Majibu ya namna hiyo alishayazoea.

Ndani, harufu ya kidonda ilikuwa imeshinda dawa ya kusafishia sakafu. Hadubini akamgusa mama kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Bado tu?" mama akauliza.

"Bado, mama. Mtoto wako wa mwisho anakuja."

Mama akamtazama kitambo kirefu, kisha akageukia ukuta.

Alhamisi asubuhi kitinda mimba akafika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuhitaji kushawishiwa. "Mnangoja nini? Akatwe, apone!" Kwa dakika mbili wakawa kitu kimoja, na wote wanne wakamwendea daktari.

Daktari alikuwa anatoka kwenye kitanda cha mama, akivua barakoa. "Wameshaingia kwenye damu. Presha imeshuka, hawezi kuhimili usingizi wa upasuaji. Jana ningejaribu. Juzi ningeweza kabisa." Akawashauri wabaki karibu naye.

"Ni wewe!" dada akamgeukia kitinda mimba. "Siku zote unachelewa, wewe!"

Kijana akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Hadubini akamwinua, akampangusa machozi, akamwambia asijilaumu, kwamba lisingefanyika lolote kabla hawajatimia.

Kisha akarudi maabara, akafunga mlango, akavuta droo, akatoa fomu. Ilikuwa na nafasi moja tu ya sahihi: ya mgonjwa. Mama alishaijaza tangu Jumatatu, kwa herufi zake kubwa za kutetemeka, akamrudishia na kumwambia, "Peleka sasa hivi, mwanangu. Usiwangoje wenzako."