Jina la Kwenye Jalada

"Jina lisikosewe," Bi Lamya alimwambia Ridhwan kwa mara ya nne. "Mengine yote ntakusamehe."

Ridhwan, mpiga chapa wa Mlandege, alicheka. Alishachapa kadi za harusi za nusu ya mji na hakuna bwana harusi aliyemlalamikia. Lakini Bi Lamya hakuwa na hali ya mzaha. Kitabu hiki kilimla miaka kumi na moja, na kesho asubuhi kilitakiwa mbele ya kamati inayochagua vitabu vya shule. Kikipita, kitasomeshwa Unguja nzima. Kisipopita, basi tena. Nguvu za kuandika kingine hana.

"Nshakisoma chote," alisema Ridhwan. "Pale unaposema lugha za wenzetu zinagawa kila kitu, hata meza kuwa ya kike na mlango wa kiume. Kumbe sisi mtu ni mtu tu, 'yeye', basi! Wallahi umenifurahisha."

"Na unaamini?"

"Kwa nini nisiamini? Kama lugha yenyewe haibagui, sisi tutabagua vipi?"

Bi Lamya alimtazama kwa huruma. Alipoandika sura ile, naye aliamini hivyo hivyo. Kisha kamati ikamrudishia mswada mara tatu. Mara ya kwanza walimshauri ajaribu kuandika mapishi. Mara ya tatu bahasha ilirudi haijafunguliwa. Siku ile alilia mpaka akachoka, na kuchoka kwenyewe kukamuuma kuliko kilio.

Ridhwan alileta jalada. Bi Lamya alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya jina, herufi baada ya herufi. Halikukosewa. Hakuona furaha yoyote.

"Sawa," alisema. "Kifunge."

Alitoka na kitabu mkononi, akakata njia mpaka mtaa wa Malindi, kwenye karakana ya mdogo wake Suud, fundi wa mafriji. Suud alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kukipokea.

"Kesho vaa kanzu safi," Bi Lamya alimwambia. "Wakikuuliza usilolijua, waambie majibu yamo kitabuni."

Suud alilitazama jina lake pale juu ya jalada, akatabasamu kwa haya.

"Dada," aliuliza, "kwani nimeandika nini humu?"