Pawa Saplai Iliyouzwa kwa Kunong'ona

"Punguza sauti, kaka," mwanamke alinong'ona, akavuta pazia. "Kuta hizi zina masikio."

Mnunuzi alisimama katikati ya sebule ya watu, mita ya kupimia umeme mkononi, balbu ya gari mfukoni. Mbele yake, juu ya kochi, ilikaa pawa saplai ya mezani: sanduku zito la chuma lenye vifundo vya kuzungusha, na tarakimu za kijani za kukwambia unaulisha mtambo wako volti ngapi. Mashine safi, ya mtu anayejua anachofanya. Na mwanamke huyu, kwa kila dalili, hakujua.

"Inatoa ampea ngapi, dada?"

"Inatoa kelele. Feni yake hailali."

"Nauliza umeme."

"Umekuja kununua au kunitungia mtihani?"

Mnunuzi alicheka kwa meno tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye alishaumwa. Muuzaji mmoja wa sokoni alimuuzia sanduku la namna hii, likaachia umeme wote kwa mpigo na kuikaanga redio aliyoiunda kwa mikono yake. Nyumba ilijaa moshi. Mkewe alifungua madirisha yote, kisha akatoa hukumu: "Ukiniletea bovu la pili, meza yako ya waya inatoka sebuleni na kila kilicho juu yake."

Juu ya meza ile ndiko alikoishi. Kulikuwa na chuma cha kulehemu, makopo ya vipuri, na skopu yake, kile kisanduku chenye kioo kinachochora mawimbi ya umeme, alichokuwa akikifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyowahi kufuta viatu.

Ajabu ni kwamba leo mke huyohuyo alimsindikiza kwa tabasamu. "Nenda, mume wangu. Usiharakishe. Ipime mpaka uridhike."

Basi akaipima. Alipoitaka itoe volti tano, mita ilikubali ni tano. Alipofunga balbu, iliwaka kama jicho la paka na tarakimu hazikutetereka. Akagusanisha waya mwekundu na mweusi makusudi. Mashine ikajizuia yenyewe, bila cheche ya maana, bila harufu. Ilikuwa nzima, tena nzima ya kutia shaka.

Akaigeuza. Ubavuni palikuwa na alama ya karatasi iliyobanduliwa, gundi yake bado inanata.

"Hapa palikuwa na jina la mtu."

"Palikuwa na uchafu. Nimeusafisha."

"Mwenyewe ni nani, dada?"

"Si unanunua kwangu? Basi ni mimi." Alichungulia nje kwa upenyo wa pazia. "Kaka, fanya hima. Anaweza kurudi."

"Nani?"

"Nimesema fanya hima."

Kitu cha wizi, nafsi ilimwambia. Kiache. Lakini bei ilikuwa ya kutupa, na mikono yake ilishalikumbatia sanduku kama mtoto aliyepotea akapatikana. Alilipa bila kuomba apunguziwe. Mlango ulifungwa nyuma yake kabla hajamaliza kuaga.

Barabara kubwa aliiogopa. Kila aliyemtazama alimwona kama askari. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimkausha mate. Akakata kwa vichochoro, akipita kati ya kuta na nguo zilizoanikwa, jasho likimtiririka mgongoni. Njiani alimfikiria mwenye mashine, akamhurumia, kisha akamdharau. Mwanamume gani anaiacha mali kama hii nyumbani, anaondoka zake, bila hata kujiuliza nani amebaki nayo? Yeye asingethubutu kufanya uzembe huo.

Alipoukaribia mlango wa uani wa nyumba yake, alipunguza hatua. Mkewe angeona leo. Angeiwasha mbele yake, balbu ingewaka, na meza ingebaki pale ilipo mpaka wajukuu waikute.

Mlango wa uani ukafunguka taratibu. Akatoka mwanamume asiyemjua, mita ikining'inia shingoni, amekumbatia kitu kilichoviringishwa shuka. Shuka liliteleza. Kioo cha skopu kikametameta juani.

Damu ilimpanda mnunuzi kichwani. Alivuta pumzi apige kelele za kuita mtaa mzima, lakini sauti ya mkewe, ya chini, ya haraka, ikatoka uani kabla yake: "Pita hukohuko nyuma, kaka. Mwenyewe yuko njiani."

Mwanamume yule aligeuka aondoke. Akakutana na mnunuzi uso kwa uso, akalitazama sanduku la chuma lililokuwa mikononi mwake, kwanza vifundo, kisha ubavu, na macho yakamtoka.

"Mwizi!" akapiga yowe. "Jamani, mwizi! Hiyo pawa saplai ni yangu, nimeiacha nyumbani na mke wangu!"