Nguo ya Siku ya Wageni

Ndanu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kugeuka. Nyuma yake Mwongeli alikuwa anahema, mkono mmoja ukutani, leso ameifunga juu kabisa, karibu na kwapa. Lifti ilikuwa imeharibika. Siku kama hiyo, haki, ni nini ambacho hakingeharibika?

Kliniki hiyo ya Hurlingham aliichagua kwa sababu moja tu: watu wa Kabiria hawafiki huko. Majirani zake wangeliona hilo tumbo, kabla ya jioni habari zingekuwa zimefika kwa kina Kihara.

Kihara ndiye mchumba wa Ndanu. Wazee wake walikuwa waende Mwingi, nyumbani kwa kina Ndanu, Jumamosi ya wiki ijayo kuposa. Ni watu wa kanisa, lakini mila pia wanazishika, na kwao, kwenye nyumba inayoozesha binti hapaanikwi nepi. Shangazi yake Kihara, yule wa Loresho, alikuwa ameshapiga simu mara mbili akitaka vipimo vya Mwongeli, maana kitambaa cha nguo yake ya siku hiyo kilikuwa tayari kwa fundi. Ndanu angempa kipimo gani, cha juzi au cha keshokutwa?

Walipoketi kwenye benchi alishindwa kujizuia. Tangu Mwongeli ateremke basi asubuhi alikuwa hajamwita kwa jina lolote. Alikuwa amemkasirikia.

"Si nilikuambia uende udungwe sindano? Krismasi iliyopita nilikuambia."

Mwongeli akaeleza tena, kwa sauti ya chini. Alienda dispensari mara tatu, na mara tatu akaambiwa sindano hakuna, arudi mwezi ujao. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na pojo shambani zilikuwa zinangoja kupaliliwa. Siku zake zilipokosa kuja, akadhani ni mambo mengine tu.

Mambo mengine! Ndanu alitamani kulia. Miaka minane yuko mjini, amejichunga, hata kulala kwa Kihara amekataa, ili wageni wasije wakakuta aibu. Sasa aibu imetoka huko huko nyumbani ikaja kumpigia hodi.

"Na Baba anajua?"

"Nitaanzaje kumwambia?"

Ndanu alifikiria kumficha kwake Kabiria mpaka wageni waondoke. Haingewezekana. Akionekana, watu watanong'ona. Akikosekana, yeye ndiye mtu wa kwanza watakayemuulizia. Maji yalikuwa yameshamwagika, na ilikuwa imebaki kujua tu mimba ni ya wiki ngapi.

Nesi aliyewaita ndani aliitwa Yvonne. Alichukua kalamu na kadi mpya, akaanza kuuliza bila kuinua macho: jina, nyumbani ni wapi, kama ana presha. Mwongeli alijibu yote, macho sakafuni. Ndanu alisimama mlangoni na mkoba wake, akiomba Mungu mambo yaishe haraka.

"Na hii ni mimba ya ngapi?"

Mwongeli akailegeza leso yake polepole.

"Ya saba," akasema, kisha akamwonyesha Ndanu kwa kuchomoza mdomo. "Kifungua mimba ndiye huyu aliyenileta."