Kifuani Kushoto

“Simama!” Mzee Gershon alifoka, kisu cha kukatia turubai mkononi. “Simama wima, Jemima!”

Jemima alikuwa amepiga magoti akisugua rangi sakafuni. Aliinua kichwa, moyo ukamruka. Mzee wa miaka themanini na tatu, macho mekundu. Na asubuhi hii hii wamekunywa chai wakicheka!

“Mzee, weka hicho kisu chini. Nakuomba.”

“Simama kwanza, ndipo nikwambie!”

Ona balaa. Kampuni iliyomwajiri Jemima kumtunza mzee ilishatoa onyo la mwisho. Mhudumu aliyetangulia alitupiwa birika. Akiguswa mwingine, mzee anaondolewa hapa kwake Hockley siku hiyo hiyo, anapelekwa nyumba ya wazee, asione brashi tena. Na mzee yule bila kuchora hamalizi mwezi. Jemima ndiye aliyemtetea. Alimpenda, basi. Birmingham hii angempata wapi tena Myahudi aliyezaliwa Nakuru, anayemwita “mwanangu” kwa Kiswahili cha nyumbani?

Picha zake zilijaa kuta zote: watu wamesimama, nguo zimechanika kifuani kushoto. Magazeti yaliandika kurasa nzima, eti ni jeraha la historia, eti ni moyo wa taifa. Mzee alikuwa akiwacheka. “Wasomi hawa! Hao ni watu waliofiwa tu, kwa desturi yetu.”

Leo hakucheka. Alimshika Jemima mkono, akamvuta mpaka akasimama. Kisha akakamata ukosi wa sare yake, akapeleka kisu.

“Tulia, mwanangu,” alisema, machozi yakimtoka. “Naanza mimi, utamalizia wewe.”

Kumalizia nini? Uwii! Jemima alipiga yowe, akajitupa pembeni. Kitambaa kikachanika, ncha ya kisu ikamkwaruza, damu ikatoka. Hapo huruma yote ikamwisha. Alinyakua fremu ya mbao, akamtandika nayo mkono, ule ule wa kuchorea, akasikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena. Mzee akaanguka katikati ya makopo ya rangi.

Inderpal, sonara wa ghorofa ya chini, alipanda ngazi mbio, akamkandamiza mzee sakafuni hadi polisi walipofika.

“Niachieni nimwambie,” mzee alilia. “Bado hajui.”

“Nyamaza!” Jemima alimkemea. Alikuwa na hasira mpaka meno yanagongana. “Kweli shukrani ya punda ni mateke!”

Polisi walimuuliza kama anataka kushtaki. Akasema ndiyo. Msimamizi wake akapiga simu ya kazini kuuliza kama mzee aondolewe. Akasema aondolewe, tena leo. Wakamteremsha mzee ngazi, mkono uliovunjika ukining'inia.

Jemima alienda jikoni kuosha damu. Simu yake mwenyewe, aliyoiacha huko ikichaji tangu asubuhi, ilikuwa inalia. Alikuwa kaka yake, Mugambi, kutoka Meru.

“Dada, nimepiga mapema, akapokea mzee wako. Ameniomba sana nimwache akwambie yeye, ati kwao kuna namna ya kumpa mtu habari kama hii. Amekwambia?”

“Ameniambia nini?”



“Kwamba Mama hatunaye tena.”