Konzi Moja ya Mtama

Zamani Mkoyogo akiua mnyama, paja la kwanza lilikwenda kwa jirani yake Sengo. Wawindaji wote waliishi hivyo. Mwaka ule wanyama walihama, na Sengo alikuwa ameshaacha upinde, analima. Mkoyogo akaenda kumwomba mtama wa watoto.

Sengo akacheka. "Wewe ulikuwa unagawa kwa sababu nyama inaoza, ndugu yangu. Mtama hauozi." Akamtupia konzi moja, kama anayelisha kuku.

Mkoyogo akaziokota punje zote. Alipofika kwake alichukua mkuki, akaanza kutoboa ardhi iliyolowa mvua mbele ya kibanda, kila shimo anadondosha punje.

"Baba Nyamizi, watoto hawajala tangu jana," mkewe alisema.

"Walale hivyohivyo. Iko siku shamba la yule mshenzi litaungua. Atakuja kuniomba hapa, kwa magoti, na mimi nitamcheka mpaka alie."

"Na hawa wakifa kabla hajaja?"

Alitoboa, akadondosha, akasogea. Mkewe alikuwa anamfuata nyuma, anainama kwenye kila shimo, na Mkoyogo hakugeuka kuangalia kama anafukia au anaokota.