Nusu ya Pili

Mama alikilaza kitabu juu ya benchi la hospitali, akakifunua katikati, akapitisha kisu cha kumenyea matunda kwenye mgongo wake mpaka kikaachana vipande viwili. Nesi aliyekuwa akipita alisimama kushangaa. Mama hakumjali. Ndivyo alivyowalea wanawe: kitabu cha shule kimoja, watoto wawili, na hakuna aliyekuwa radhi kumsubiri mwenzake. Nusu ya kwanza alipewa mkubwa, nusu ya pili mdogo. Wote walifaulu, ingawa mdogo alizoea kujua mwisho wa mambo kabla ya mwanzo.

Safari hii kilikuwa kitabu cha riwaya. Shoga yake alimwapia kwamba kilimliza na kumrudisha kwenye sala. Nusu moja aliipeleka wodini. Nyingine alimwekea mapajani Fundi, mwanawe mkubwa.

"Soma," alisema. "Ukimaliza, ndipo uniambie hapana."

Fundi alikuwa mchomeaji wa vyuma, mtu wa maneno ya kuhesabika. Vipimo vilionyesha kwamba figo yake ingemfaa mdogo wake, Kitinda, aliyelala wodini mwisho wa ukumbi, uso na miguu vimemvimba. Daktari alitaka jibu kabla ya mchana. Bila jibu, nafasi ya upasuaji angepewa mgonjwa mwingine, na Kitinda hakuwa na muda wa kusubiri nafasi nyingine.

Fundi hakuogopa kupasuliwa. Alikuwa na kinyongo, na sababu yake waliijua wao wawili tu. Siku gari la Fundi lilipomgonga mpita njia, Kitinda ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Polisi walipouliza, Kitinda alimnyooshea kidole kaka yake. Fundi alinyamaza, akiamini kwamba kesho yake mdogo wake angesema kweli. Kesho hiyo haikufika. Alitumikia kifungo chote, akatoka, akakuta mkewe ameolewa kwingine na Mama anamwombea atubu. Mpaka leo alikuwa akimwombea.

Alianza kusoma ili Mama amwache apumue. Riwaya ilimhusu mfumaji wa nguo aliyesalitiwa na ndugu yake, akabeba hasira mpaka vidole vikakataa kazi. Fundi aliguna. Mwandishi aliyekaa mezani na kikombe cha chai anajua nini kuhusu kufungwa? Akafunua kurasa ili amkamate kwenye uongo.

Hakumkamata. Mfumaji alilala amekunja ngumi, kama yeye. Alikula bila kusikia ladha, kama yeye. Fundi akaanza kuingiwa na woga.

Nesi alichungulia kusema kwamba mgonjwa anauliza kaka yake amefika wapi kwenye kitabu. Fundi hakuinua macho. Baada ya muda nesi alirudi tena, sasa kwa Mama: mgonjwa anataka viatu vyake na shati safi.

Mama alishika mdomo. "Umesikia? Ameshaanza kuwaza kurudi nyumbani. Mwanangu, nakuomba, usimvunje moyo."

Aliondoka mbio na mfuko wa nguo, akarudi akilalamika kwamba Kitinda amemfukuza, eti anataka kulala. Akakaa, akaanza kupekecha ncha ya khanga yake. Daktari alipita, akatazama saa ya ukutani, akamtazama Fundi, akaendelea na safari yake.

Fundi alikuwa amefika mahali ambapo mfumaji anapiga magoti alfajiri na kugundua jambo linalomtisha: kila siku anapoamka, kabla ya kumkumbuka Mungu, humkumbuka kwanza ndugu yake.

Aliusoma mstari huo, akausoma tena. Hata leo asubuhi ilikuwa hivyo. Miaka yote hiyo Kitinda ndiye aliyekuwa sala yake ya kwanza, na ilikuwa sala ya kumtakia mabaya. Aliona aibu, kisha akaona huruma, kisha machozi yakamtoka mbele ya watu na wala hakuyafuta.

Zilikuwa zimebaki kurasa chache. Mfumaji alifunga safari, akabisha hodi, mlango ukafunguliwa.

"Nimekusamehe," alimwambia ndugu yake. Ndugu yake akainua uso, akamjibu,

Hapo ndipo kisu cha Mama kilipopita.

Fundi alisimama. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akaomba karatasi, akatia sahihi bila kuisoma. Mama alimkumbatia kiunoni akilia, akisema alijua, alijua tu kwamba Mungu angeulainisha moyo wake. Fundi alimbandua taratibu. Alitaka kumwambia Kitinda kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka pia, na hili lilimfanya atabasamu, kujua yule ndugu wa kwenye riwaya alijibu nini. Alitembea kwenye ukumbi ule mrefu akihisi mabega mepesi, mikono yake ikining'inia wazi.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mpira wa dripu ulikuwa umechomolewa, unadondosha maji sakafuni. Viatu havikuwepo.

"Ametoka zamani," alisema mzee wa kitanda cha jirani. "Anajikokota, ameshika ukuta. Nilimwambia arudi alale, hakusikia. Aliniuliza tu kituo cha polisi kiko upande gani."

Juu ya mto kulikuwa na nusu ya pili ya kitabu, imefunuliwa kwenye ukurasa wake wa kwanza. Fundi aliinama akasoma mstari wa juu.

"Usinisamehe bado, kaka. Ngoja kwanza nikaseme mbele ya watu nilichokutenda."