Funguo Mpya za Gari la Baba

Gari liliwaka tena, na binti akaupiga usukani kofi.

Liliwaka kwa ufunguo wa zamani, ule ule wa baba yake, uliochakaa mpaka plastiki yake imeshikiliwa na gundi. Akalizima, akauchomoa, akajaribu ufunguo mpya wa kwanza. Kimya. Akajaribu wa pili. Taa ya dashibodi ikapepesa kidogo, kisha nayo ikanyamaza.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, macho yanamwasha kwa usingizi, na badala ya kulala amejikunja kwenye kiti cha dereva na simu mapajani. Ndani ya simu yumo fundi asiyeonyesha uso, vidole tu, anarudia kwamba kuuzoesha ufunguo mpya kwa gari ni kazi ya dakika chache, mtu yeyote anaifanya nyumbani kwake. Mtu yeyote, eti. Angekuwa karibu angekula kiatu cha uso.

Maelezo yenyewe hayakuwa magumu. Unawasha na kuzima kwa ufunguo wa zamani mpaka taa ndogo ianze kupepesa. Unautoa. Unafungua mlango na kuufunga, gari lijue umeanza. Kisha unaingiza funguo moja baada ya nyingine kabla taa haijazimika, na hizo tu ndizo gari litakazozitambua; nyingine zote linazisahau. Basi.

Na muda ulikuwa hausubiri. Kila siku mzee akiamka kutoka usingizi wa mchana hunawa uso, huvaa kofia, huenda kumchukua mjukuu wake shuleni. Hajakosa hata siku moja. Mtoto yuko darasa la kwanza, na saa hizi pengine ameshaanza kuchungulia dirishani. Kazi hii ilikuwa lazima iishe leo, kabla mzee hajatoka. Binti hakutaka hata kuifikiria kesho.

"Bado tu?" Mama alichungulia kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Baba yako ameshaanza kugeukageuka kitandani."

"Linanichezea akili, mama."

"Si ungemwita yule fundi wa pale kona?"

"Rafiki yake? Yule hana kifua. Jioni haifiki baba ameshajua."

Mama akashusha pumzi. "Ungeongea naye tu, mwanangu."

"Wewe uliyeongea naye ulipata nini?"

Miaka yote gari lile lilikuwa na ufunguo mmoja, na mzee akiguswa habari za ufunguo huo huona anaingiliwa. Gari ni lake, ufunguo ni wake, na makao ya ufunguo ni mfuko wa shati lake. Leo binti alikuwa ameuchomoa humo, shati likiwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mtu mzima na akili zake, mwizi ndani ya nyumba ya wazazi wake.

Akairudisha video nyuma. Vidole vya fundi vikafunga mlango, pap. Hapo ndipo alipoelewa, akatamani kujizaba kibao. Kumbe tatizo ni mlango! Injini ya gari hili ilikuwa na adabu zake, lakini mlango haukuwa nazo kabisa. Haufungi mpaka uubamize kwa nguvu zote, na yeye, kwa kuogopa kumwamsha mzee, alikuwa akiurudisha taratibu kama aliyelaza mtoto mchanga. Muda wote huo gari lilidhani mlango uko wazi.

"Mama," akanong'ona. "Dondosha kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Nikikuonyesha kidole."

Akawasha, akazima, akawasha, akazima, mpaka taa ikaanza kupepesa. Akautoa ufunguo, akafungua mlango, akaonyesha kidole. Masufuria yakaporomoka jikoni, mlango wa gari ukabamizwa, na huko chumbani mzee akauliza kwa sauti ya usingizi ni nani anayebomoa nyumba.

"Ni mimi," mama akajibu. "Mikono ina sabuni."

Ufunguo mpya wa kwanza. Taa ikatulia. Wa pili. Ikatulia tena, kisha ikazimika yenyewe. Binti akazijaribu funguo zote tatu kwa zamu, halafu akalaza kichwa juu ya usukani. Imekubali. Akashuka, akaruka vigae vya chungu cha maua kilichovunjika juzi hapo kwenye maegesho, ambacho mzee anashikilia ni kazi ya paka. Akaingia ndani kwa kunyata, akaurudisha ufunguo wa zamani kwenye shati.

Haukupita muda mzee akatoka, amenawa, kofia kichwani.

"Hujalala, mama?" akamuuliza bintiye, kama alivyozoea kumwita.

"Nitalala, baba."

Mzee akaingia garini. Injini ikashika, ikakohoa, ikafa. Akajaribu tena. Ikafa. Aliendelea kuzungusha ufunguo mpaka binti akashindwa kumtazama.

"Jana lilikuwa zima," mzee akasema, sauti imemshuka. "Sasa na mtoto je?"

"Nitamfuata kwa miguu, baba. Si mbali."

Mzee akashuka polepole. Akapapasa ubavu wa gari, pale penye mchubuko wenye rangi ya kijani ya geti la shule.

"Usilikasirikie," akasema. "Limezeeka tu, na lenyewe halijui."

"Ndiyo, baba," binti akajibu, na mfukoni mwake akazifumbata zile funguo mbili mpya zisije zikagongana.